Ng'ambo ya Nini

Nilijitafutia mwenyewe jina la kuniua, nikaliitikia kwa furaha karibu mwaka mzima. Hakuna aliyenilazimisha. Jina langu la kweli ni Safari, na wanaonijua hucheka wakilisikia, maana sijawahi kusafiri; Bukavu nimeiona mara moja tu, nikiwa na homa, na hata sokoni napenda kutuma mtu. Lakini mwaka ule wa vita vya kwanza vya hapa kwetu, nikiwa darasa la tano la sekondari hapa Uvira, mji mzima ulinijua kwa jina la Ng'ambo, na yote ni kwa sababu kuna neno dogo nililokuwa mvivu kumwuliza bibi yangu. Aliponiambia tulikotoka, ilinipasa kuuliza, "ng'ambo ya nini?" Ingenichukua muda wa kukohoa tu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya simu. Tanti Feza, shangazi aliyenilea, amefariki mwaka huu mvua zikiwa zimekolea, na wakati wa matanga binti yake Neema alipiga simu ya picha kutoka Kanada, uso wake ukiwa umelowa machozi na nyuma yake dirisha limejaa theluji. Neema anakaa kwenye uwanda anaosema ni mpana kuliko wetu wa Ruzizi, hauna hata mlima mmoja wa kuegemeza macho. Jirani yake ni kizee wa kizungu ambaye mababu zake walihamia pale kutoka Islandi, kisiwa cha barafu kilicho huko juu kabisa ya ramani, mahali nilipodhani pameachiwa ndege. Kizee huyo ametundika ukoo wake ukutani sebuleni: jina la shamba waliloliacha, jina la meli, mtoto aliyefia njiani, nani alimwoa nani baada ya baridi ya kwanza kuwaua wenzao. Wakati wa joto ukoo mzima hukutana, wanakula keki ya matabaka ambayo bibi zao walikuja na ujuzi wake kichwani, wanabishana nani alishuka melini wa kwanza. Wanabishana wakicheka. Siku moja akamwuliza Neema, huku anamkatia keki, "Na ninyi mlitoka wapi?" Neema anasema aliiangusha keki. Kisha akaona kwamba mama wa watu anauliza tu, kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi.

"Kaka Safari, nitumie ukoo wetu," Neema aliniambia. "Majina tu, minye nitapamba. Weye ndiye ulibakia nyumbani, utakosa kujua?"

Nilisema ndiyo, kwani mfiwa hanyimwi kitu. Nilipoweka simu nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango, mahali nilipokuwa nikisimama mwaka ule. Kwa jirani yake Neema, swali la kwenu wapi linakuja na sahani. Kwetu lilikuja na fimbo, na waliolijibu vibaya hawakupewa nafasi ya kulijibu tena.

Bibi yangu tulimwita Koko, kama wengi wanavyowaita wazee hapa. Mwaka ule alikuwa amechoka kuishi ila hajapewa ruhusa ya kuondoka. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, kimepakana na jiko, kinanuka mawese na tumbaku ya kunusa na blanketi lililolala moshini miaka mingi, na dirisha lake dogo lilitazama ziwa. Nilipenda sana kukaa humo. Tanti aliamini namtunza mgonjwa, mgonjwa aliamini nimetumwa kumchunguza, na mimi katikati yao nilikuwa nimepata mahali pasipo na kazi. Basi mwalimu wetu wa historia akatuagiza tuwaulize wazee asili yetu, tuandike, tusome mbele ya darasa. Wenzangu walihangaika, mmoja alipanda mpaka Rurambo, huko juu milimani kwenye ng'ombe na ukungu, kumtafuta mzee wa ukoo, akarudi na malengelenge miguuni na majina ya mababu mdomoni. Mimi nilivuka ukumbi. "Koko, sisi tulitokaka wapi?" Akanusa tumbaku yake, akapiga chafya, akasema, "Ng'ambo." Nikasubiri. Akageukia ukuta. "Niletee maji, weye mutoto wa maswali." Nikaleta maji, na utafiti wangu ukawa umekamilika.

Sasa, ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na Uvira haijakosa maji. Kuna ziwa, na ng'ambo yake ni Bujumbura. Kuna mto Ruzizi, pale mpakani, na ng'ambo yake ni nchi za watu. Tena kuna mito inayoteremka kutoka milimani na kuukata mji wenyewe vipande, kama Mulongwe, ambao wakati wa kiangazi unauvuka umeshika viatu mkononi na ng'ambo yake ni kioski cha sabuni. Neno ni hilo hilo kwa nchi ya kigeni na kwa kioski. Mwenye akili angeuliza. Mimi nilitazama dirishani, nikaona taa za Bujumbura zikiwaka upande wa pili wakati kwetu umeme umekatika kama kawaida, nikachagua taa.

Insha niliyoandika ningeifukia kama ningekuwa nayo. Nilimvusha baba wa babu yangu ziwani kwa mtumbwi, amesimama mbele, ngoma begani, na nyuma yake nikapanga ng'ombe. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Safari, hao ng'ombe mtumbwini walisimama ao walilala?" Nikajibu, "Walisimama, mwalimu." Darasa likaanguka kwa kicheko. Rafiki yangu Kibonge, tuliyekaa dawati moja tangu shule ya msingi, ndiye aliyepiga dawati na kusema, "Tangu leo weye ni Ng'ambo." Angeniita kitu kingine ningekasirika. Hili nilililamba kama asali. Kijana ambaye hata mechi ya mpira hakwenda kutazama, ambaye shangazi zake walimtania kwamba ataolewa na jiko, ghafla alikuwa ametoka mahali. Nililiandika kwa wino kwenye mfuko wangu wa shule, herufi kubwa, nikaweka na picha ya mtumbwi. Ng'ombe niliwaacha.

Avenyi yetu, yaani njia ya mtaa wetu hapo Songo, inapanda kutoka barabarani kuelekea mlima, nyumba moja juu ya nyingine, kama watu wanaochunguliana mabegani. Yetu ilikuwa karibu na mwisho. Baada yetu alikuwepo Mama Riziki, baada ya Mama Riziki ni mawe na mlima. Kati yetu naye ulikuwepo uzio wa matete, nao ulikuwa na tundu chini ambapo kuku wa Tanti walipita kwenda kula ndagala zake, maana alinunua samaki hao wadogo kwa wavuvi, akawaanika uani kwenye nyavu, akauza. Vita kati ya nyumba hizo mbili vilikuwa vya zamani kuliko vita vyovyote nilivyosoma shuleni. Mvua ikinyesha, maji yetu yalishuka upande wake kwa njia ambayo hata leo sielewi, kwani yeye ndiye alikuwa juu. Lakini alishuhudia hivyo na hukuweza kubishana naye. Moshi wetu uliingia kwake. Nyimbo zetu za kanisani zilikuwa mbaya. Mimi aliniita "ile mwanamuke ingine ya Feza." Asubuhi tulikunywa chai tukimsikiliza akitutukana taratibu kupitia matete, bila hasira, kama mtu anayefagia. Katikati ya matusi, akigeuza ndagala zake, alikuwa na tabia ya kuimba chini chini, puani, wimbo wa kubembeleza mtoto ambao maneno yake sikuyashika. Nakumbuka wimbo huo kwa sababu mwaka ule ulikoma, na mimi, mtafiti wa ukoo, sikujiuliza kwa nini.

Koko alikufa vita vikiwa bado ni habari za redio. Alikufa mchana, Tanti akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na nakumbuka kinu kilinyamaza kabla sijaambiwa. Baada ya hapo maneno yalianza kugeuka. Zamani ng'ambo ilikuwa mahali panapotoka vitenge na sabuni nzuri. Sasa ikawa mahali anapotoka adui. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa kuulizana watoto wakawa wanaulizana makaburi: babu yako alizikwa wapi, nani alimwona akizikwa, ulimi wa mama yako ni upi. Vijana walifunga kamba barabarani chini ya avenyi, wakaiita baryeri, na kila aliyepita alipimwa kwa macho, pua yake, urefu wake, jinsi anavyotamka. Wakati huo wa njaa samaki wakawa adimu kwa sababu wavuvi waliogopa maji, na tulikula bugali wa muhogo na mchicha wa lenga-lenga bila mafuta, tukitafuna polepole ili kinywa kidhani chakula ni kingi. Kupitia matete Mama Riziki sasa hakututukana sisi tu. Aliwatukana watu wa ng'ambo, kwa sauti ya kufika barabarani, akiwaita nyoka, akisema waondolewe hata wale walio tumboni. Hakuna mtu kwenye avenyi nzima aliyewachukia kwa sauti kubwa kama yeye.

Kisha wakaanza na nyumba ya chini kabisa. Ilikuwa ya fundi cherehani na mke wake, watu wapole, nilikuwa nimekula kwao mara nyingi kuliko nilivyowakaribisha kwetu. Ilisemwa kwamba mama yake fundi alikuwa wa ng'ambo. Walichukuliwa asubuhi, wakapelekwa upande wa mto, na mchana wa siku ile ile mabati yao yalikuwa yanapanda avenyi vichwani mwa majirani. Nilikuwa dirishani. Nilimwona mama mmoja wa kwaya yetu amebeba mlango, ameuweka kichwani vizuri na kata chini yake, akanisalimia. Nikamsalimu. Jambo hilo limenikaa zaidi ya mengine, kwamba nilimsalimu.

Jioni Tanti aliweka bugali mezani, akakaa, hakumega. Alikuwa ametoka bombani. "Bamama wananiita Mama Ng'ambo," alisema. "Wanauliza kama nimepata habari za kwetu. Kwetu wapi, Safari?" Neema, ambaye wakati huo alikuwa mdogo, akaitikia kwa kunisaidia, "Iko jina ya Kaka ya shule. Ameiandika kwa mufuko." Tanti akauleta mfuko, akautazama, na mtumbwi wake.

"Nani alikuambia hii?"

"Ni Koko. Nilimuuliza tulitokaka wapi, akasema ng'ambo."

"Ng'ambo ya Mulongwe, mupumbavu weye." Hakupaza sauti, ingepita matete. "Kila siku ya soko alikuwa anasemaka 'naenda ng'ambo.' Ulifikiri anaogelea mpaka Bujumbura kutafuta nyanya?"

Nikamwuliza kama basi kuna kaburi la babu huko ng'ambo ya mto tunaloweza kuonyesha. Akaninyang'anya kipande cha bugali nilichokuwa nimeanza kukifinyanga, akakirudisha kwenye sahani. Mto uliyabeba makaburi yale, akasema, mwaka uliofurika, akiwa yeye bado msichana. Ndivyo alivyosema, na tangu hapo hakuwahi kusema zaidi, na mpaka leo sijui kama aliniambia ukweli au alinipa kitu cha kusema. Mfuko aliusukuma motoni chini ya chungu cha mboga. Wino ulinuka. Tukala chakula kilichopikwa na jina langu.

Ningebaki ndani ningekuwa salama zaidi, na kubaki ndani ndiyo kazi pekee niliyoijua vizuri. Lakini chumvi iliisha, na Tanti alikuwa amechoka kunitazama nimesimama nyuma ya mlango. "Wanaume wa watu wako inje," akasema. "Nenda." Nikashuka na kikombe. Kwenye baryeri alikuwepo Kibonge, fimbo mkononi, kitambaa kichwani, na aliponiona uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli, ya dawati moja, akaita kwa sauti, "Ng'ambo."

Alilisikia mwenyewe lilipokwisha kutoka. Wenzake wote waligeuka, wakamtazama yeye kwanza, kisha mimi. Nimefikiria sana juu ya uso wa Kibonge wakati ule. Alikuwa na njia ya kusema ni mchezo wa shule, ng'ombe mtumbwini, mkiuliza mtacheka. Lakini mmoja wao, kijana nisiyemfahamu, alimwuliza polepole, "Huyu ng'ambo iko rafiki yako?" na Kibonge akatazama chini, akasema, "Tulisoma naye tu." Wakaniuliza nakaa wapi, ingawa Kibonge alikuwa amekula kwetu tangu meno ya utoto. Akaonyesha na fimbo. Nikarudi na kikombe bila chumvi.

Walikuja kesho yake, jua likiwa limeshapanda. Tanti alikuwa mlangoni na mwiko wa bugali mkononi, kana kwamba mtu atageuka kwa ajili ya mwiko. Neema alikuwa nyuma ya sketi yake. Mimi nilisimama kando, na nasema kweli, nilikuwa najaribu kufanana na ukuta. Kibonge hakunitazama. Yule mwingine ndiye aliyeuliza.

"Babu yenu aliitwa nani?"

Tanti akataja jina.

"Alizikwa wapi?"

"Ng'ambo ya Mulongwe."

"Twende utuonyeshe."

"Mto ulibeba," akasema Tanti, na hata mimi, niliyelala chini ya dari lake maisha yangu yote, nilisikia jinsi lilivyokuwa jibu bovu. Mmoja akacheka puani. Wengine wakaingia uani na kuanza kutazama juu, kwenye mabati. Nilijua kutazama kule. Nilikuwa nimekuona kwa fundi cherehani.

Hapo uzio ulitikisika. Mama Riziki aliingia kupitia tundu la kuku. Alilipanua kwa bega, matete yakavunjika, akasimama katikati yetu na magamba ya ndagala mikononi mpaka viwikoni.

"Nani anapiga makelele minye ninafanya kazi? Munatafuta nini kwa hii nyumba ya kuku?"

"Mama, tunatafuta bantu ba ng'ambo," yule kijana akajibu.

"Hawa?" Alitutazama mmoja mmoja kama samaki walionyeshewa mvua. "Bantu ba ng'ambo banajuaka kuvaa. Angalia hii mwanamuke. Angalia na hii kijana, hata kufika bombani ni kazi, atavuka ziwa na nini?"

"Yeye mwenyewe anajiita Ng'ambo."

"Anajiita. Na minye nikijiita Mwami, mufalme, utanibeba kwa kiti?"

Mtu mmoja akaguna. Mama Riziki alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akapanga miguu. Hakuwa akiongea nao tena. Alikuwa anaongea na mlima mzima. "Babu ya hii kijana minye nilimujua na macho yangu. Alikuwa ng'ambo ya Mulongwe pale, na alikuwa mwizi wa mbuzi. Aliiba mbuzi ya baba yangu, mbuzi ya mimba. Walifuata nyayo mpaka kwa nyumba yake. Wanakuta amelazisha mbuzi kwa kitanda, ameifunika blanketi, anawaambia muteremushe sauti, iko muke yangu, iko mugonjwa." Akangoja. "Mbuzi ikajibu."

Kibonge ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akakishika, kikamshinda, na machozi yakamtoka, na wengine wakafuata, hata yule nisiyemfahamu. Mama Riziki hakucheka. Aliwaeleza walivyomtembeza babu yangu soko zima na kamba ya mbuzi shingoni, na jina walilompa, na kwamba tangu siku ile ukoo wetu wote hauwezi kutazama mbuzi usoni. "Muulize muzee yeyote," akamaliza, na wote tulijua kwamba wazee wa avenyi wameshakimbia au wamezikwa. "Hawa ni wezi ba hapa hapa. Mukimaliza kufukuza wezi ba kwetu, nani atawaibia?"

Waliondoka na redio ya Tanti, kiti kimoja kizuri chenye kitambaa cha kufuma, na kuku wote. Nashuku kwamba Mama Riziki ndiye aliyewaonyesha banda. Mabati walituachia. Kibonge alipita karibu nami, akaninong'oneza, "Mbuzi," akanigusa bega, na hilo ndilo jina nililobaki nalo. Mpaka leo kuna wazee wenzangu wanaoniita Mbuzi mbele ya wajukuu wangu. Ninaitikia.

Mtu angedhani baada ya hapo nyumba mbili zilipatana. Tanti alimpelekea Mama Riziki sahani ya bugali, imefunikwa vizuri, na kipande cha samaki ambacho hakuna aliyejua amekitoa wapi. Sahani ilirudi tupu, na ujumbe kwamba chumvi haikuwepo. Tanti alikaa na ile sahani mapajani. "Amenitukania baba yangu mbele ya bantu," alisema. "Bora wangechukua mabati." Hakumaanisha, lakini alimaanisha kiasi. Uzio ulisimamishwa upya, mnene zaidi, na wale wanawake wawili waliishi miaka yote iliyofuata, vita vya pili na vilivyokuja nyuma yake, bila kusemeshana moja kwa moja hata siku moja. Walipotaka kuambiana kitu waliniambia mimi kwa sauti kubwa.

Haikupita muda, vita vyenyewe viliteremka kweli, na wale waliokuwa wakiwatafuta watu wa ng'ambo wakakimbia kando ya ziwa kuelekea kusini, Kibonge kati yao. Sijamwona tena. Kama ana kaburi, sijui liko ng'ambo ya nini. Wakubwa wapya waliokuja walikuwa na maswali yale yale, ila majibu mazuri yalikuwa yamegeuka upande. Kuna wiki moja nilimwambia Tanti kwamba labda sasa ningeweza kulirudisha jina langu la shule. Akaenda zake jikoni.

Basi mwaka huu, Neema alipoomba ukoo, nilikuwa na babu mmoja tu wa kumpa, naye ni mwizi wa mbuzi. Lazima nikiri nimempenda. Nilipokuwa kijana nilimwonea aibu, lakini miaka imepita, na mtu aliyemlaza mbuzi kitandani na kuwaambia wateremshe sauti si babu wa kutupa. Niliwaza yule kizee wa Islandi na meli yake na keki yake. Hana kitu kama hiki. Nikaona nimpelekee Neema hadithi iliyo kamili: jina alilopewa babu kwa sababu ya wizi ule, mahali penyewe ng'ambo ya mto, baba yake Mama Riziki aliyeibiwa. Ilibidi niende kwa jirani. Nilipita mlangoni, si kwenye tundu.

Mama Riziki yuko bado. Macho yamefunga karibu yote, anageuza ndagala kwa kunusa. Kwenye matanga ya Tanti alikuja, akakaa kiti cha mbele, akala, akasema sombe haikuiva. Nilimkuta uani kwenye kigoda, na kabla sijasalimu alikuwa ameshajua ni nani, akasema huu mwendo wa kuburuta ni wa mtu mmoja tu.

"Umekuja kuomba ao kuleta?"

"Kuuliza, mama. Neema anataka majina ya mababu. Yule babu yangu aliyeiba mbuzi ya baba yako, nyumba yake ilikuwa upande gani wa Mulongwe?"

Aliacha ndagala. Alicheka bila sauti, mabega tu, kwa muda mrefu, mpaka nikaangalia kama anapumua.

"Na weye ulisadiki?"

Nikasema nilisadiki. Nikasema nimesadiki miaka yote hii.

"Baba yangu hakuwa na mbuzi. Baba yangu hata hapa hakufika. Minye, mama yangu alivuka Ruzizi na minye kwa mugongo, ananiimbia nisilie, askari wasisikie. Babu yako nilimujulia wapi?"

Niliketi chini, kwenye mawe, karibu na nyavu zake. Nikaukumbuka wimbo wa puani. Kutoka pale niliona paa letu, na chini yake mapaa mengine, moja moja, mpaka kiwanja kitupu cha fundi cherehani ambacho hakuna aliyejenga. Nilitaka kusema kitu kinachofaa, na kwa mtu wa sekondari nilichopata ni kidogo. Nikasema hata hivyo, mama, uliokoa maisha yetu siku ile, na Tanti alikufa bila kukushukuru, basi nakushukuru mimi.

Mama Riziki alichukua kipande cha utete, akamfukuza inzi, akarudia samaki zake, na haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Minye sikuwaokoa. Nyumba yenu ndiyo ilikuwa inatangulia, yangu ilikuwa inafuata."